Maji Juu ya Slabu

Nilitaka stoo. Naanza hapo kwa sababu baadaye watu walisema mengi: kwamba nilitaka kujenga jumba, kwamba nilitaka wenzangu wajue mume wangu ana kazi Awendo. Uongo mtupu. Nilitaka stoo ya mahindi yenye sakafu ya simiti, kwa kuwa mchwa wa upande ule wa Migori walikuwa wamekula miguu ya ghala langu la fito kwa mara ya pili, likalala chini, na panya wakajipakulia.

Ulikuwa mwaka wa kabla ya ile mvua kubwa ya Elnino. Niliolewa kutoka Rodi Kopany, kule Homa Bay, kwa hiyo katika boma la mume wangu, karibu na machimbo ya Osiri, hakuna aliyeniita kwa jina langu. Niliitwa Nyar Rodi, binti wa Rodi, hata baada ya kuzaa na kuzoea. Mume wangu alikuja mwisho wa wiki tu. Siku nyingine zote boma lilikuwa la mama mkwe wangu, la watoto wangu wadogo, langu mimi, na la shemeji yangu, ndugu mdogo wa mume wangu.

Shemeji huyo alikuwa kitinda mimba. Kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na mama. Wakubwa hutoka wakafungua maboma yao, ingawa sisi tulikuwa bado hatujatoka. Yeye hubaki katika boma la wazazi, na siku mama akifa yeye ndiye anayesimama kaburini kama mwenye nyumba. Mama mkwe wangu alikuwa ameshazika mume, na watoto pia. Kila asubuhi huyu wa mwisho alipochukua tochi yake kwenda kuchimba dhahabu, mama alimwambia neno lile lile: "Wewe ndiye wa kunizika. Usije ukanigeuzia kazi."

Yeye alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na mimi nilikuwa mtu wa kukasirika, ndiyo maana tulipatana. Aliishi katika simba, kile kibanda cha kijana ambaye hajaoa, na nyasi za paa lake zilikuwa zimeoza kiasi kwamba mvua ikinyesha alihamia jikoni kwangu na godoro lake kichwani. Alitaka mabati. Mabati kwanza, mke baadaye, alisema, maana hakuna msichana atakayekubali kulala chini ya mwavuli.

Mdomo wa shimo lao ulikuwa nyuma ya ua wetu, kwenye shamba la jirani. Lakini mdomo wa shimo haukuambii tumbo lake liko wapi. Walishuka kwa kamba, tochi zimefungwa kichwani kwa vipande vya mpira, kisha kwa nyundo na tindo wakafuata mshipa wa dhahabu popote ulipowapeleka. Huku juu tulikuwa na ua, na mipaka, na wazee wa kuamua kesi za mipaka.

"Nyar Rodi, huko chini hakuna geti," aliniambia siku moja, na akaona ni jambo la kufurahisha sana.

Mahali pa stoo nilipachagua mwenyewe: nyuma ya nyumba yangu, kiraka ambacho hakuna aliyewahi kukilima kwa sababu nyasi zake zilikauka kabla ya nyasi nyingine zote. Niliona ni busara kutoharibu ardhi nzuri. Mama mkwe alipita, akasimama, akaniambia kwamba pale umande haukai. Nikajua ni maneno ya uzee. Nilimwambia, "Ndiyo, Mama," nikaendelea kupigilia vigingi.

Fundi alikuwa Mkuria kutoka upande wa Isebania. Yeye hakujua Dholuo na sisi hatukujua Kikuria, basi kazi yote ile ilifanywa kwa Kiswahili chetu cha kuungaunga. Walichimba udongo wa juu wakautupa, wakapanga mawe. Mawe hayo aliyaleta shemeji bure, mabaki ya shimoni, meupe yenye ncha kali. Alijitolea kazi ile hata siku ambazo wenzake walikuwa wanamwita kwa miluzi kule ng'ambo ya ua. Kisha fundi akachukua kipande cha gogo chenye mpini akaanza kushindilia.

Nilikuwa nachambua maharagwe mlangoni. Nilisikia mlio ukibadilika. Pembeni ulikuwa mlio wa ardhi, mzito na mfupi. Alipofika katikati uliitika, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na vitu ndani. Fundi akasimama. Akapiga tena, polepole.

"Hapa chini iko nini?" aliuliza.

"Murram tu," shemeji alijibu.

Alijibu upesi mno. Hata swali halijatua, jibu lilikuwa limeshafika. Nilimtazama, naye akainama kuokota jiwe ambalo halikuwa na haja ya kuokotwa.

"Mlichimba mpaka hapa?" nilimuuliza.

"Yawa, Nyar Rodi! Sisi tuko mbali, tunaelekea mtoni. Muulize mtu yeyote."

Fundi alikuwa mtu wa dawa moja kwa kila ugonjwa, na dawa yake ilikuwa chuma. Alisema kama ardhi iko na wasiwasi, basi tuongeze vyuma na tuongeze unene, na hakuna kitu kitasumbua hiyo slabu mpaka Yesu arudi. Mume wangu alipokuja alileta vyuma vya ziada. Shemeji ndiye aliyevifunga kwa waya, makutano kwa makutano, amechuchumaa juani bila shati, akiimba. Alifunga kila mahali chuma kilipokutana na chuma, na pale fundi aliposema inatosha, yeye akaongeza vingine.

Siku ya kumwaga zege majirani walikuja kama ilivyo desturi. Zege likianza halisubiri mtu, lazima liishe siku hiyo hiyo, kwa hiyo wanawake tulipanga mstari wa ndoo kutoka kisimani na wanaume wakageuza kokoto, mchanga na simiti kwa koleo mpaka migongo ikalia. Niliwapikia ugali na omena. Watu walitaniana, mtu akadondosha karai, tukacheka. Mama mkwe peke yake hakusogea. Aliketi kwenye kivuli cha jiko, macho yake hayakuwa kwenye zege, yalikuwa kwa mwanawe, na kila mwanawe alipokanyaga katikati ya vile vyuma mama alishika kidevu.

Jioni fundi alilainisha uso wa slabu kwa ubao. Ilipendeza. Nasema kweli, niliiona nikafurahi kama mtu aliyepewa kitenge kipya. Kesho yake alikuja akazungushia kingo za udongo pembezoni, akanifundisha kuijaza maji kina cha kidole na kuhakikisha hayakauki wiki nzima, la sivyo simiti ingepasuka.

"Hii ni kama mtoto," alisema. "Inanyonya asubuhi, inanyonya jioni."

Basi nikawa na kidimbwi nyuma ya nyumba, safi, kimetulia, mawingu yamo ndani. Kuku walikuja kunywa nikawafukuza.

Ni katika kuwafukuza kuku ndipo nilipoona. Kuku walikuwa wameshakwenda. Upepo haukuwapo. Na katikati ya yale maji pakatokea duara dogo, likapanuka, likafuatwa na jingine. Nikafikiri ni mdudu, nikainama, hapakuwa na mdudu. Miduara ilitoka pale pale katikati, mmoja baada ya mwingine, kwa mwendo wa mtu anayefanya kazi bila haraka. Adhuhuri ikaacha. Niliwasikia wachimbaji ng'ambo ya ua wakiitana kula. Baada ya kula wakashuka, na maji yakaanza tena.

Nilikaa pale na ndoo yangu nikaelewa kila kitu: umande, nyasi, gogo lile la fundi, na lile jibu lililofika mapema.

Shemeji aliporudi jioni, amejaa vumbi mpaka kope, nilimpokea kwa ukali. Sikumpa hata maji ya kunawa. Nilimwambia nimeona nyundo yake ikipiga ndani ya maji yangu, na akinidanganya tena nitamwita mama yake hapo hapo aje aone.

Hakukana. Alicheka, akaketi kwenye kinu changu kilichopinduliwa, akapunguza sauti.

"Si uliona tu nikifunga vyuma? Shemeji, wewe umetupea dari."

"Dari ya nini?"

Akanieleza, na alinieleza kwa furaha, kama mtu anayeniletea zawadi. Chini ya kile kiraka walikuwa wamechimba chumba, kipana kuliko jiko langu. Katikati ya chumba walikuwa wameacha nguzo ya jiwe kushikilia ardhi ya juu, na nguzo ile ndiyo iliyokuwa na dhahabu kuliko mahali pengine pote. Miezi waliitazama tu, wakaizunguka, wakaigusa kwa mikono. Hakuna aliyethubutu kuitoa. Sasa juu kulikuwa na zege na vyuma, na kikundi chote kilikuwa kimekubaliana kwamba ardhi haihitaji nguzo tena. Walikuwa wameshaanza kuipunguza.

Sikuwahi kusikia ujinga wa namna ile, na nimezaliwa kati ya watu wanaovuka ziwa kwa ngalawa inayovuja. Nilimwambia slabu ni sakafu ya mahindi. Haishiki kitu kilicho chini yake, inashikwa. Nikachukua kifuniko cha sufuria nikakiweka juu ya unga, nikautoa unga kwa kijiko upande wa chini, aone kifuniko kinavyobaki na unga unavyomwagika. Aliangalia. Nilimwona akiangalia kweli.

"Hiyo ni unga," alisema. "Huko ni mwamba."

Nililia, sioni haya kusema. Nilimshika mkono nikamwambia mama yake ana mtu mmoja tu wa kumzika. Hapo aliacha kucheka. Aliniahidi kwamba atawaambia wenzake waiache nguzo, akaniomba nisimwambie mama. Sikumwambia mama. Lakini sikumwamini pia, na asubuhi nilikwenda shimoni mwenyewe.

Mwanamke hafiki kwenye mdomo wa shimo. Ni mwiko wao. Wanasema dhahabu inakimbia. Walinisimamisha mbali, mwenye shimo akanijia mikono imenyooshwa kama anayezuia ng'ombe asiingie shambani. Nikasema niliyokuja kusema, kwa sauti, wasikie wote. Wengine walitazama chini. Mwenye shimo alisema nguzo ni kazi ya wanaume, na kama nina wasiwasi na stoo yangu, basi nimwambie mume wangu. Mume wangu alikuwa Awendo. Nilituma ujumbe kwa dereva wa lori la miwa kwamba aje kabla ya mwisho wa wiki.

Ujumbe ulimfikia. Alikuja akiwa amechelewa kwa siku moja.

Ardhi iliondoka mchana, wakati wenzake wamepanda kula. Yeye alikuwa amebaki chini. Wenzake walisema baadaye kwamba alibaki kuwazuia wasiendelee, kwamba aliketi akaegemea nguzo akakataa kutoka. Wengine walisema alibaki ili amalizie. Mimi nachagua la kwanza, na asiyelipenda aniache nalo.

Sikusikia kishindo kikubwa. Nilisikia pumzi, ndefu, kutoka nyuma ya nyumba, na kuku wote wakatoka mbio. Nilipofika, udongo wa kuzunguka slabu ulikuwa umeshuka, na migomba yangu imelala. Slabu haikushuka. Ilikuwa imebaki pale pale, sawa kabisa, kingo zake za udongo zimebomoka na maji yamemwagika, na chini ya ukingo wake mmoja paliingia mkono mpaka begani na usiguse kitu.

Shimoni hapakupitika. Njia ilikuwa imejaa mawe na maji ya mwamba yalikuwa yanapanda. Kuchimba kutoka pembeni kulishindikana, kwa kuwa kila walipogusa udongo uliendelea kushuka, na chifu akakataza mtu kukanyaga pale. Palibaki mahali pamoja pa kusimama salama, juu ya slabu yenyewe. Fundi aliitwa. Wanaume wakaleta nyundo kubwa wakaanza kuvunja.

Mimi nilichukua udongo nikajenga ukingo mdogo kwenye pembe moja, upana wa sinia, nikamwagia maji. Watu walidhani nimerukwa na akili. Nikapiga ukelele wanyamaze. Nyundo zikanyamaza, watu wote wakanyamaza, hata watoto.

Maji yakatulia. Kisha pakatokea duara.

Likapanuka, likafuatwa na jingine. Mama mkwe alikuwa ameshapiga magoti karibu nami. Aliyaona. Hakulia, aliinamisha kichwa mpaka maji yakagusa kitambaa chake, akaita jina la mwanawe mara moja ndani ya zege, kama anavyomwita kuja kula.

Walipiga. Jamani, walipiga. Mikono ilichubuka, wakabadilishana, wachimbaji wa shimo lile walikuwa wanapiga huku wanalia. Zege lilitoka vipande vidogo vidogo, na chini yake chuma, na kila kilipokatwa chuma kimoja kwa msumeno palikuwa na kingine, kimefungwa vizuri kwa waya, makutano kwa makutano. Fundi alishindwa kuinua macho. Mimi nilitazama yale mafundo ya waya nikayajua ni ya mkono gani, nikamchukia kwa kazi yake nzuri, nikamwambia kwa sauti, wewe, wewe, ungefunga vibaya hata kimoja.

Kila walipopumzika tuliyatazama maji. Miduara ilikuja. Ikaja kwa kuchelewa. Alasiri, kabla jua halijagusa miti, tulinyamaza tukasubiri, na mama mkwe akainua mkono kuwazuia wasianze, tukasubiri tena. Maji yalikuwa kioo. Niliona uso wa mama ndani yake na uso wangu.

Tundu lilipopatikana lilikuwa upana wa chungu. Walimulika tochi. Chini kulikuwa na maji ya kahawia, karibu sana, yakizunguka taratibu na povu juu yake.

Wazee walikutana. Mume wangu alikuwa amefika. Kwetu mtu akipotelea mahali ambapo mwili haupatikani, huzikwa tunda la yago mahali pake, lile tunda refu la mti wa mwegea, ili naye awe na kaburi nyumbani. Niliwahi kuliona, ndivyo tulivyomzika ndugu wa mama yangu aliyechukuliwa na ziwa kule Homa Bay. Wazee walisema tunda litafutwe na kaburi lichimbwe mbele ya simba yake.

Mama mkwe alikataa. Hakupaza sauti.

"Yago ni ya mtu aliyepotea," alisema. "Wangu hajapotea. Yuko ndani ya boma."

Akamgeukia fundi, yule Mkuria, akamwambia kwa Kiswahili, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiizungumza: "Fundi, koroga simiti. Funga mlango."

Fundi alikoroga. Mhubiri alisoma. Tulipita mmoja mmoja, kama watu wanavyopita kaburini na udongo mkononi, ila sisi kila mmoja alichukua koleo la zege akalimimina ndani ya tundu. Mama alimimina wa kwanza, kazi ikiwa imegeuka kama alivyoogopa. Mwenye shimo alisimama nje ya ua na hakuna aliyemkaribisha. Fundi alilainisha kiraka kile kwa ubao wake, polepole, akapitisha mkono juu yake. Kisha, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoijua, akanikumbusha kwamba lazima kimwagiliwe maji wiki nzima.

Stoo haikujengwa. Mahindi ya mwaka ule niliyaweka ndani ya simba, chini ya paa linalovuja, na mengi yaliota.

Lakini ile wiki nilimwagilia. Nilijenga ukingo wa udongo kuzunguka kiraka, nikaleta maji asubuhi na jioni. Mama mkwe alikuja na kigoda chake kila mara, akaketi, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kuona ukungu na hakuyaamini.

"Maji yanasemaje?" aliniuliza.

Niliinama nikayatazama mpaka macho yakauma.

"Yametulia, Mama."

Akanisukumia ndoo.

"Ongeza."